Bendi Iliyokataa Kumzika Kaka Anselmo

San Crispulo, Laguna
13 Februari 1994

Kwa dada yangu mpendwa Crisanta,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na shemeji na wajukuu wote mlioko huko Honolulu. Natumaini goti lako limepata nafuu, na kwamba ile dawa ya kuchua unaitumia kweli, hukuiweka kabatini kama ile niliyokupa mwaka juzi. Mimi ni mzima, ila nimechoka. Nimechoka hadi kwenye kucha. Simu yetu ilikatika kabla sijasema hata nusu ya niliyotaka kusema, na hiyo nusu ulinijibu kwa kulia. Kwa hiyo nimeona nikae mezani, niandike taratibu, upate kujua kaka yetu amezikwaje, na kwa nini mambo hayakwenda kama ulivyoagiza.

Kwanza alifika ndani ya chungu. Hilo nilikuambia, lakini nadhani hukunielewa, maana uliniuliza jeneza ni la mbao gani. Dada, hapakuwa na jeneza. Huko Austria walimchoma, na majivu yake wakayatia ndani ya chungu cheusi chenye kifuniko, kikubwa kidogo kuliko kopo la biskuti. Kililetwa na mzee mmoja mrefu anayeitwa Alois, rafiki yake, ambaye alikipakata tangu Vienna hadi mlangoni kwangu na hakutaka mtu amsaidie. Nami nilikuwa nimeshapanga wanaume sita wenye mabega mapana. Walisimama barazani na mashati yao meupe wakikitazama kile chungu, kisha mmoja akauliza kwa upole kama watakipokezana.

Tulikiweka sebuleni kati ya mishumaa, chini ya picha ya Baba. Shangazi Sabel alikizunguka mara kadhaa, akaniuliza kwa sauti ambayo jirani waliisikia kama nina hakika ni Elmo mzima aliyemo humo, maana mtu mrefu vile ataeneaje. Nikamwambia aanze sala. Akasema ataanza, lakini Mungu akimwuliza alikuwa anaombea nini, atasema ameambiwa na mimi, Eufemia.

Hayo yote ningeyavumilia. Kilichonikondesha ni bendi.

Wewe uliondoka hapa zamani, na pengine umesahau jinsi watu wa mji huu walivyo na vichwa vigumu. Mtoto hapa huzaliwa Bendi Kongwe au Bendi Mpya kabla hata hajabatizwa, na hiyo inayoitwa Mpya ilianza kabla ya vita vya Wajapani. Sisi ni Kongwe. Baba aliiongoza, na babu kabla yake. Mtu wa nyumba ya bendi hasindikizwi makaburini kimyakimya, na hasindikizwi na bendi ya upande wa pili. Babake Baba alipigiwa, Baba alipigiwa, Mama ambaye hakuwahi kushika hata filimbi alipigiwa. Nilichotaka mimi ni kitu kimoja tu, kwamba Elmo naye asindikizwe na bendi ya Baba. Nilidhani ni jambo la kupeleka ujumbe na kupika chakula cha watu arobaini.

Bendi Kongwe ilikataa.

Najua utasema ni kwa sababu ya ile sikukuu ya mji ya mwaka sabini na nne. Ndiyo. Wewe hukuwepo, uliisikia kwa Elmo, na Elmo alikuandikia mistari miwili kwamba palitokea kutoelewana kidogo. Acha nikueleze kilichotokea, maana nilikuwa nimekaa nyuma yake.

Alikuwa amekuja likizo kutoka Austria, miaka kumi na sita tangu aende. Unakumbuka alivyokuwa wakati ule. Koti jeupe, nywele zimefika kwenye kola, na mji mzima unamwita Maestro. Ile simfonia yake ya nyimbo za mavuno ilikuwa imeshapigwa kule na okestra ya watu themanini, na gazeti lenye picha yake ulikuwa umelitia kwenye fremu. Kabla ya likizo hiyo alikuwa ametutumia kanda yake, tukaisikiliza nyumbani kwa padri. Baba alikuwa bado hai kanda hiyo ilipofika, na ilipokwisha alisema ni muziki mzuri sana, ila yeye hakuelewa mtu aanze kutembea wapi.

Basi siku ya sikukuu Elmo aliwekwa kiti cha mbele, kando ya meya. Bendi mbili zilikuwa uwanjani tangu mchana, kila moja kwenye jukwaa lake, zikipokezana wimbo kwa wimbo. Sheria ni ileile ya siku zote. Bendi itakayoishiwa nyimbo, au itakayonyamaza katikati ya wimbo, imeshindwa. Jua lilikuwa linashuka, na Bendi Mpya walikuwa wameanza kurudia nyimbo zao kwa kujificha, na kila mtu alijua. Kongwe walikuwa wakipiga kipande kirefu, Mzee Tunying akiwaongoza kwa mara ya kwanza tangu Baba afariki. Katikati hapo klarineti zikaingia mapema. Kosa dogo, mimi sikulisikia. Elmo alilisikia. Na bila kujua anafanya nini, akiwa amekaa palepale kando ya meya, akainua kiganja cha kushoto.

Unajua Baba alivyowafundisha. Kiganja kikiinuka, unanyamaza, huulizi ni cha nani. Wapigaji wote walikuwa wamemkabili Elmo, na mkono ule ulikuwa kama wa Baba. Wakanyamaza wote kwa pamoja, kama bomba lililofungwa. Mzee Tunying alikuwa amempa mgongo, hakuona kitu. Aliendelea kupunga kijiti hewani peke yake, na hakuna sauti iliyotoka. Na katika kile kimya, mbele ya mji mzima, kaka yetu akasema kwa sauti yake nzuri, "Klarineti mmewahi. Tuanze tena."

Hapakuwa na tena. Bendi Mpya walishaanza kupiga.

Usiku ule nilimwambia aende kwa Mzee Tunying akaombe radhi. Akasema ilikuwa ni mazoea tu ya kazi, na kwamba katika okestra hakuna anayeshindwa kwa kusimama ili arekebishwe. Kesho yake akapanda basi la Manila. Bendi Mpya wameandika ule mwaka kwa rangi nyekundu kwenye ngoma yao kubwa, na kila sikukuu wanaipitisha mbele ya kibanda cha Mzee Tunying.

Kwa hiyo nilikwenda kwenye kibanda hicho. Anashona kandambili bado, ingawa macho hayaoni vizuri na mara nyingine jozi nzima inatoka ya mguu wa kulia. Hakuinua uso. Akaniambia yeye na mimi hatuna neno. "Ukifa wewe, Pemya, tutakupigia mpaka makaburini. Hata ukifa kesho."

Nikamshukuru, nikasema kesho nina kazi.

Akasema, "Lakini yule alitunyamazisha mara moja, tena mbele ya watu. Sasa tukinyamaza kwa ajili yake mara ya pili, kosa letu liko wapi? Si ndivyo anavyopenda?"

Nikamwambia Elmo alikuwa mtoto wa Baba. Akasema ndiyo maana iliuma. Kisha akanipa kandambili mpya bure, nisiseme alinifukuza. Zote mbili ni za kulia.

Nilipofika nyumbani nikamkuta Delfin, yule daktari wa meno anayeongoza Bendi Mpya, amekaa mbele ya chungu na kofia magotini. Alikuwa na sauti ya asali. Alisema amesikia shida yangu. Alisema wao wako tayari, na sare zimepigwa pasi. "Dada Pemya, kaka yako ndiye aliyetupa ushindi. Sisi si watu wa kusahau fadhila." Alikuwa hata ameshaagiza kitambaa kirefu cha kutangulizwa mbele, kimeandikwa Maestro wa Ulaya. Shangazi Sabel, badala ya kunyamaza, akamwuliza kama anaweza kumtazama gego lake kwa kuwa ameshafika. Nikawaacha hapo, yeye na mdomo wake umefunguliwa dirishani, Delfin akichungulia, nikaenda jikoni kugonga vitunguu saumu kwa hasira.

Usidhani simlilii Elmo. Namlilia. Nikipika wali namkumbuka akiwa na miaka saba, amesimama juu ya kigoda na mwiko, anauongoza mvuke wa sufuria, na Mama anamwambia muziki wake utaungua. Nakumbuka alivyolala na utete wa klarineti mdomoni ili usikauke. Lakini dada, mtu aliyekufa asikuachie kazi ya kumwombea radhi watu wa mtaa mzima. Hiyo angeifanya mwenyewe. Alikuwa na miaka ishirini ya kuifanya.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya niandike. Kaa chini kama umesimama.

Asubuhi iliyofuata Alois alikuwa jikoni kwangu anakula samaki mkavu na wali. Anakula vizuri, sina la kulalamika. Kiingereza chake ni kibovu na changu ni kibovu, lakini vilikutana katikati. Aliona nimenuna, akauliza kuna nini. Nikamweleza habari ya bendi, nikidhani hataelewa. Akaweka kijiko chini. Akasema anaijua hiyo hadithi. Anamjua Tunying, anajua kijiti kilivyopunga bila sauti, anajua hata kwamba klarineti waliwahi. Elmo alikuwa akiwasimulia kila mwaka, wakicheka mpaka karibu na mwisho, kisha yeye mwenyewe alikuwa akiacha kucheka na kwenda kusimama nje.

Nikamwuliza, aliwasimulia ninyi akina nani? Akasema, bendi. Nikasema, okestra, unamaanisha. Akatikisa kichwa. Akaenda chumbani, akarudi na boksi la kofia. Ndani yake mlikuwa na kofia nyeusi ya sare yenye shungi la manyoya meupe, na picha kadhaa.

Dada, ile okestra ilimwacha mwaka sabini na sita. Alikuja mkurugenzi mpya na watu wake, na mkataba wa Elmo haukuandikwa tena. Ile simfonia haikupigwa mara ya pili. Alitafuta kazi, akafundisha piano watoto wa watu, na mwishowe akaenda kwenye mji mdogo milimani ambako watu wanachimba chumvi. Wachimbaji wale wana bendi. Tarumbeta, klarineti, ngoma, na Alois mwenye tuba, lile tarumbeta kubwa kuliko yote, ambaye alichimba chumvi maisha yake yote. Kaka yetu aliwaongoza hadi alipokufa. Walipiga kwenye harusi, kwenye sikukuu za watakatifu, na kwenye mazishi. Kwenye picha moja amesimama mbele yao kwenye matope na theluji, amevaa ile kofia yenye manyoya, pua nyekundu, bilauri ya bia mkononi. Amenona, dada. Anacheka. Sijawahi kumwona akicheka hivyo akiwa ndani ya lile koti jeupe.

Barua zake zote tulizosoma kwa sauti, za "okestra yangu imefanya hivi, okestra yangu imealikwa pale", zilikuwa habari za wachimbaji wa chumvi. Na kule, kumbe, aliwaeleza jinsi Baba alivyowafundisha watu mpaka wapige na kunyamaza kwa kiganja kimoja, na jinsi hakuna bendi duniani kama ya mji wetu. Kwetu alijisifia ya Austria, kule akajisifia yetu, na hakuna upande hata mmoja aliouambia kitu usoni. Nilikasirika hata chai ikapoa. Miaka yote hiyo alikuwa akifanya kazi ileile ya Baba, tena kwenye baridi, na angeweza kuja kukaa na Mzee Tunying wakalalamika pamoja kuhusu klarineti.

Alois akaongeza jambo moja. Alisema kasoro ya Elmo kama kiongozi ni kwamba hakuwahi kuwasimamisha katikati ya wimbo. Hata mazoezini. Wakosee namna gani, aliwaacha wafike mwisho, kisha ndipo awarekebishe. Walimwomba awasimamishe, maana walikuwa wanarudi nyumbani wamechelewa. Alikataa. Mkono wake wa kushoto aliuweka mfukoni.

Kisha akasema Elmo alimwomba asituambie lolote kati ya haya. Hasa wewe. Alisema Crisanta ana fremu ukutani.

Niliketi na jambo hilo hadi wali ukaisha sufuriani. Kama ningenyamaza, angebaki Maestro, na angekwenda makaburini na kitambaa cha Delfin. Ningesema, angepata bendi ya Baba, lakini lile alilolificha miaka kumi na minane lingekuwa sokoni kabla ya adhuhuri. Nilikwenda kumwuliza yeye mwenyewe pale kati ya mishumaa. Hakunisaidia, kama kawaida yake.

Nikamchukua Alois na picha na kofia, tukaenda kwenye mazoezi ya Bendi Kongwe. Nikawaambia yote. Nilipofika kwenye wachimbaji wa chumvi, mmoja wa wapiga ngoma akaanza kucheka, kisha wote. Walicheka vibaya. Mmoja akasema, "Kwa hiyo Maestro alikuwa anapiga harusi." Mwingine akauliza kama huko nako wanalipwa kwa nguruwe wa kuchoma. Kofia ikazunguka, kila mtu akaivaa. Nilisimama pale uso unaniwaka, nikihisi nimemvua nguo kaka yangu mbele ya watu. Mzee Tunying peke yake hakucheka. Alimwuliza Alois, kupitia kwangu, kuhusu ule mkono wa mfukoni. Alitaka aambiwe tena. Kisha akasema mazoezi yamekwisha, twende nyumbani.

Kesho yake alikuja mwenyewe nyumbani kwangu, amevaa viatu. Alisema watapiga, lakini kwa sharti. Hawamzungumzii Maestro yeyote, hawamjui. Katika daftari la bendi yumo Anselmo Catapang, klarineti ya pili, mstari wa nne, aliyeondoka bila kuaga. Huyo ni mwenzao na watamsindikiza. Kitambaa cha Delfin kisionekane, na msalabani yaandikwe hayo ya daftari na si zaidi.

Dada, najua uliagiza jiwe liandikwe Maestro na Mtunzi wa Muziki katika Ulaya. Nimekubali sharti lao. Msalaba ni wa mbao na umeandikwa Anselmo Catapang, Klarineti ya Pili. Nilikubali peke yangu, sikukupigia simu, kwa sababu nilijua ungekataa. Nimekuambia na siri aliyotaka usiijue, kwa sababu mji mzima unaijua na sikutaka uisikie kwa binti wa Delfin, ambaye nasikia anahamia huko. Ukitaka kunikasirikia, nina nafasi, jiunge na foleni.

Tulimzika Alhamisi. Unajua wanavyofanya mwenzao akifa, mahali pake katika mstari panaachwa wazi, na hakuna anayesogea kuziba. Wale wanaume sita walikuwa wameshakubaliana nani aanze kubeba chungu. Mzee Tunying akawaambia wakae pembeni. Akakichukua mezani, akakiweka mikononi mwangu, akanishika bega na kunisimamisha mstari wa nne, kati ya mtoto wa fundi saa na mjukuu wake mwenyewe, mahali pa klarineti ya pili. Nikamwambia Baba hakuwahi kuruhusu msichana asimame ndani ya mstari. Akasema Baba hayupo, na nitazame mbele.

Nyuma yetu Alois alikuwa na tuba ya kuazima iliyofungwa kwa waya. Walianza ule wimbo wa mazishi aliotunga babu, ambao wewe na mimi tuliusikia jikoni tangu tukiwa tumboni. Chungu kilikuwa kizito kuliko nilivyodhani. Niliogopa nitajikwaa, niwaharibie. Lakini tulipopita kanisani nilitazama chini, nikaona miguu yangu inakwenda na yao, wa kushoto na wa kushoto, bila mimi kuiambia. Hakuna aliyenifundisha. Nilimbeba hivyo njia yote, na hatukusimama popote.

Alois bado yuko hapa. Alikuwa aondoke leo Jumapili, lakini Mzee Tunying amemkatalia mpaka sikukuu, na amenimalizia samaki wote. Delfin amenuna, na gego la Shangazi Sabel limebaki na shimo. Nakuomba uje kwa misa ya siku ya arobaini, uje na hasira zako kama bado unazo, utazitumia vizuri hapa. Nisalimie shemeji, na uwabusu wajukuu kila mmoja kwa jina lake. Fremu iache palepale ukutani. Nimemwomba Alois picha moja ya zile, ile ya theluji, nimeiweka ndani ya bahasha hii.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda,
Eufemia